Wiki 12 za Kozi ya Maandalizi ya Shahada ya Uuguzi: Kilichonifaa na Kilichonipotezea Muda

Tathmini hii nimeichelewesha kwa makusudi. Kozi yenyewe niliimaliza miezi 7 iliyopita, na barua pepe za kampuni za kunitaka niipe nyota zilianza kuingia siku ileile nilipopakua cheti, lakini niliona si haki kuisifu wala kuilaumu kozi ya kumwandaa mtu kwa masomo ya uuguzi kabla sijayaonja masomo yenyewe. Sasa nimemaliza muhula wa kwanza wa shahada, nimefanya mitihani yake, nimesimama wodini kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa sare, na ninaweza kusema bila kubahatisha ni sehemu gani ya kozi ile iliyoingia nami darasani na ni sehemu gani iliyobaki kwenye kompyuta.

Jina la kampuni silitaji. Kozi za aina hii ni nyingi mtandaoni, zinafanana kama shilingi kwa ya pili, na mengi nitakayoyasema yatamfaa msomaji anayefikiria kununua yoyote kati yake. Ninayoipima hapa ni ya wiki 12, inafundishwa kwa video zilizorekodiwa, ina kipindi kimoja cha moja kwa moja kila wiki, na imegawanywa katika sehemu 4: anatomia na fiziolojia, hesabu za dawa, istilahi za kitabibu, na stadi za kusoma kwa mtu mwenye kazi. Tangazo lake lilisema kwamba dakika 40 kwa siku zinatosha, na kwamba mwanafunzi ataingia mwaka wa kwanza akiwa mbele ya wenzake. Ahadi hizo mbili ndizo zilizonifanya nilipe, kwa sababu mimi ni karani wa ghala, ninafanya kazi siku 6 kwa wiki, nina watoto wawili, na mara ya mwisho kukaa kwenye dawati la mwanafunzi ilikuwa miaka 14 kabla ya hapo.

Nianze na sehemu kubwa kuliko zote, ambayo pia ndiyo dhaifu kuliko zote. Anatomia na fiziolojia ilichukua wiki 6 kati ya 12, yaani nusu nzima ya kozi, na karibu yote ilikuwa video za dakika 50 ambamo mwalimu anasoma slaidi neno kwa neno huku mshale wa kompyuta ukitangatanga juu ya picha. Wiki ya kwanza tulipewa mifupa. Mtu mzima ana mifupa 206, na kozi ilitutaka tuijue yote kwa majina, kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu, kisha tufanye jaribio la kuchagua majibu. Nilijifungia, nikakariri, nikapata alama 92 kwa 100, nikajiona msomi. Muhula ulipoanza, mhadhiri wetu aliipa mifupa saa 3 tu, akaeleza jinsi mfupa unavyojengwa na kubomolewa kila siku ya maisha yetu, jinsi unavyoihifadhi kalsiamu ya mwili, na kwa nini mgonjwa anayelazwa kitandani kwa muda mrefu hudhoofika mifupa. Maswali ya mtihani yakatoka humo humo. Vile vifupa 8 vya kifundo cha mkono nilivyovikeshea havikuulizwa hata kimoja, na leo ukiniuliza nitakutajia vitano, labda sita nikipewa muda.

Sisemi kwamba majina ya mifupa hayana kazi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyechoka, mwenye saa moja tu kabla ya kulala, hukikumbuka kilichoshikana na sababu, na hukisahau upesi kilichoorodheshwa. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, alinikuta usiku mmoja nikinong'ona majina ya mifupa kama mtu anayesali, akasimama nyuma ya kiti akaitazama video kwa dakika chache, kisha akasema, «Mwanangu, mifupa utaikuta hukohuko. Wewe jifunze kwanza kwa nini mtu anahema.» Nilimwitikia, «Ndiyo, shangazi,» kisha nikaendelea kukariri, kwa kuwa nilikuwa nimelipia.

Kozi yenyewe ilithibitisha maneno yake katika wiki ya nne, ambapo somo la moyo lilifundishwa na mwalimu mwingine. Mwalimu huyo hakuanza na orodha ya sehemu za moyo. Alianza na tone moja la damu lililoko kwenye kidole gumba cha mguu, akatutaka tulifuate: linapanda kwa vena hadi chemba ya juu ya kulia, linapita vali, linashuka chemba ya chini ya kulia, linasukumwa kwenda kwenye mapafu, linarudi limejaa oksijeni katika chemba ya juu ya kushoto, linapita vali nyingine, linaingia chemba ya chini ya kushoto, ndipo linarushwa kwenye aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Kisha akauliza: upande wa kushoto ukishindwa kusukuma, maji yatajaa wapi? Akanyamaza kwa sekunde kama 20, na katika video ukimya wa sekunde 20 ni mrefu mno. Jibu ni mapafuni, kwa sababu damu inarudi nyuma ilikotoka, na ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo hushindwa kupumua akilala chali. Ukishindwa upande wa kulia, maji hurudi mwilini na miguu ikavimba. Miezi kadhaa baadaye, wodini, muuguzi aliyetuongoza alimbonyeza mgonjwa kwa kidole gumba juu ya mfupa wa goko, akaachia, na kishimo kikabaki pale kwa sekunde kadhaa kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Alipotuuliza maana yake, tone langu la damu lilikuwa tayari limeshafika mahali lilipokwama. Kama wiki zote 6 zingefundishwa hivyo, tathmini hii ingekuwa fupi na yenye sifa tupu.

Sehemu iliyonirudishia fedha yangu ni hesabu za dawa, wiki ya 7 hadi ya 9. Niliingia humo kwa kiburi kidogo, kwa kuwa kazi yangu ni kugeuza katoni kuwa dazeni na dazeni kuwa vipande tangu asubuhi hadi jioni, nikadhani miligramu na mililita hazitanisumbua. Jaribio la kwanza lilikuwa na maswali 20, alama ya kufaulu ilikuwa 18, nami nikapata 11. Nilipopitia makosa yangu niliona kwamba takribani yote yalikuwa ya aina moja: nilikimbilia kugawanya kabla sijatazama uniti. Swali mojawapo lilisema mgonjwa ameandikiwa miligramu 0.25 na vidonge vilivyopo ni vya mikrogramu 125. Niligawanya 0.25 kwa 125, nikapata sehemu ya kidonge ambayo hakuna kisu kinachoweza kuikata, na badala ya kushtuka nikaiandika. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, kwa hiyo alichoandikiwa ni mikrogramu 250, na jibu ni vidonge 2. Ghalani kosa la uniti hujitokeza mwisho wa mwezi tunapohesabu mali, likarekebishwa kwa kalamu nyekundu. Kwa mgonjwa hakuna mwisho wa mwezi.

Mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu ambaye alisema alifanya kazi za zamu kwa miaka mingi, alikuwa na mazoea mawili aliyoyarudia hadi yakaniudhi, na sasa ninayarudia mwenyewe. La kwanza ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Kanuni ni rahisi: kiasi kinachotakiwa, ugawanye kwa kiasi kilichopo, uzidishe kwa ujazo ambamo kiasi hicho kimo. Lakini kabla ya kuigusa kanuni, alitulazimisha tujibu swali la mtu wa kawaida. Ameandikiwa miligramu 375, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 250 katika kila mililita 5: je, utampa zaidi ya mililita 5 au pungufu? Zaidi, lakini si mara mbili. Sasa kokotoa: 7.5. Anayepata 3.3 amegeuza kanuni juu chini, na atajua hivyo kabla hajachukua bomba la sindano. Vivyo hivyo kwa mtoto wa kilo 16 anayepaswa kupewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo: ni miligramu 240, na kama dawa ina miligramu 120 katika mililita 5, basi ni mililita 10. Zoea la pili ni la maandishi. Nusu ya miligramu huandikwa 0.5, kamwe si nukta ikifuatiwa na tano peke yake, kwa sababu nukta ikififia mgonjwa hupewa mara 10 ya dozi; na miligramu tano huandikwa 5, kamwe si 5.0, kwa sababu ileile. Nilishangaa kwamba kitu kidogo kama sifuri kina kanuni mbili zinazopingana, moja ya kuiweka na moja ya kuiondoa, na zote mbili zikiwa na maana.

Dripu ndizo zilizonitoa jasho. Lita moja, yaani mililita 1,000, ipite kwa saa 8. Seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita. Kwa mashine ni mililita 125 kwa saa, na hapo hesabu imekwisha. Kwa mkono ni matone 20,000 katika dakika 480, takriban 42 kwa dakika. Mwalimu hakutuacha hapo, akasema namba 42 haina maana mpaka jicho liijue, kwa hiyo twende tukatafute kitu kinachodondoka. Mimi nilifungua bomba la jikoni kidogo kidogo saa 10 na nusu alfajiri, saa ya mkononi ikiwa imeegemezwa kwenye sabuni, nikihesabu matone 10 au 11 katika kila sekunde 15, nikikaza, nikilegeza, hadi binti yangu mdogo akatokea mlangoni akiuliza kwa nini sizimi maji. Nilimwambia ninajifunza kuhesabu. Akaniangalia kwa huruma, akarudi kulala. Chuoni, jaribio la kwanza la hesabu za dawa lilidai alama 100 kwa 100, na wengi wetu walilirudia. Mimi nililipita mara ya kwanza, na sina mtu mwingine wa kumshukuru ila mwalimu yule na bomba lile.

Hata hivyo sehemu hii haikukosa doa. Swali la 14 la wiki ya 9 lilitaka mililita 500 zipite kwa saa 4 kwa seti ya matone 60. Nilipata matone 125 kwa dakika. Jibu la kozi lilikuwa 31. Nilirudia mara sita, nikabadilisha kikokotoo, nikapoteza jioni mbili nikiamini kwamba kuna jambo ambalo sijalielewa, kabla sijagundua kwamba 31 ndilo jibu sahihi kwa seti ya matone 15, na kwamba mtu aliyeandika swali alibadilisha seti akasahau kubadilisha jibu. Niliwaandikia. Walijibu baada ya siku 9 kwamba wamelipokea na watalirekebisha. Kosa la chapa katika somo la historia ni la kusamehewa. Katika somo ambalo kazi yake yote ni kumfundisha mwanafunzi aiamini hesabu yake, linavunja kile kile linachokijenga.

Na kwa kuwa nimetaja historia, niseme kidogo kuhusu video ya utangulizi, ambayo ilimweleza Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, kwa taa yake tu, jinsi alivyopita kati ya vitanda usiku wakati wa Vita vya Krimea. Hakuna neno hata moja lililosemwa kuhusu hesabu zake, ilhali ni yeye aliyekusanya takwimu za vifo na kuzichora kwa michoro ili viongozi waone kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha, na alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kabla ya shule ya wauguzi yenye jina lake kufunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Kwa mwanafunzi mtu mzima anayeogopa namba, hadithi hiyo ingefaa kuliko ya taa.

Istilahi za kitabibu zilipewa wiki 2, nazo zilitosha. Ukishajua kwamba neno linaloishia kwa «-itis» linazungumzia uvimbe wenye joto na maumivu, kwamba «taki» ni haraka, «bradi» ni polepole na «kadia» ni moyo, basi takikadia na bradikadia hazihitaji kukaririwa, zinasomeka. Jambo moja tu ningependa lisisitizwe zaidi, nalo ni maneno yanayotofautiana kwa herufi moja na kutaka tiba zinazopingana. Haipaglisemia ni sukari iliyozidi kwenye damu, haipoglisemia ni sukari iliyopungua, na ukimsikiliza mtu anayezungumza haraka mwishoni mwa zamu hutaisikia tofauti. Wodini niliona muuguzi akimkatisha mwenzake katikati ya taarifa na kumwuliza, «Imepanda au imeshuka?» Swali la maneno matatu, na kozi ya wiki 12 haikuwa nalo.

Pamoja na istilahi walitupa kadi za maswali zilizoandaliwa tayari, za kutumia katika programu ya Anki, ambayo kwa kompyuta hupatikana bure hata bila kozi. Wazo lenyewe ni zuri na lina umri mkubwa: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu jinsi kumbukumbu inavyomomonyoka, na mwenzake wa baadaye, Sebastian Leitner, akaeneza katika miaka ya 1970 mtindo wa kupanga kadi kwenye visanduku ili zile unazozijua zikurudie kwa nadra na zile zinazokushinda zikurudie mara kwa mara. Programu inafanya kazi hiyo ya visanduku kwa niaba yako. Tatizo ni kwamba kadi za kozi zilikuwa nyingi na ziliwekwa kutoa 40 mpya kila siku, jambo linalomfaa kijana asiye na kazi. Wiki ya kuhesabu mali ghalani sikuzigusa kwa siku 6, na niliporudi nilikuta kadi 500 na ushei zikinisubiri kama deni. Nilizifuta zote. Nikaanza kuandika zangu mwenyewe, 10 kwa siku, kwa maneno yangu na kwa makosa yangu, na hizo ndizo ninazozitumia hadi leo ndani ya basi na kwenye foleni. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kwamba azichukue kadi za kozi kama ghala la kuchota, asizichukue kama ratiba.

Sasa ile ahadi ya dakika 40. Kwa kuwa ni mtu wa daftari, niliandika muda wangu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Dakika 40 kwa siku ni saa 4 na dakika 40 kwa wiki; mimi nilitumia wastani wa saa 9, na katika wiki za hesabu nilifika saa 11. Sidhani kwamba mimi ni mzito kupita wengine. Video peke yake, bila kuandika kitu wala kufanya zoezi, zilizidi saa 4 katika wiki kadhaa. Kipindi cha moja kwa moja kiliwekwa Jumatano saa 5 asubuhi, wakati ambao mwenye ajira yuko kazini, na rekodi yake ilifutwa baada ya siku 7. Nilipouliza kwa nini kozi inayotangazwa kwa watu wenye kazi inafundishwa saa za kazi, nilijibiwa kwa upole kwamba huo ndio muda ambao walimu wanapatikana. Nililiheshimu jibu, lakini ningependa kulisoma kwenye tangazo.

Katika sehemu ya stadi za kusoma, ambayo nilidhani itakuwa mahubiri, kulikuwa na zoezi moja lenye thamani kubwa. Tuliambiwa tuchukue ratiba halisi ya mwaka wa kwanza ya chuo chochote, kisha tuishi nayo kwa wiki 2 kana kwamba muhula umeanza: saa za mihadhara tukae mezani tukisoma, saa za kusafiri tuzihesabu, siku za wodini tuamke mapema kama tunavyotakiwa. Nilifanya hivyo kadiri kazi ilivyoniruhusu. Nikagundua mambo ambayo hakuna aliyeweza kuniambia: kwamba baada ya saa 3 usiku mimi husoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa, kwamba kuanzia saa 10 na nusu alfajiri hadi saa 12 ninamaliza kazi ya jioni mbili, na kwamba Jumamosi yangu, niliyoipangia masomo kwa miezi yote, si yangu hata kidogo. Zoezi hilo halikuhitaji video. Mtu anaweza kulifanya leo bila kulipa chochote.

Lililoniudhi kuliko yote ni yale ambayo kozi haikuyagusa kabisa, kwa sababu ndiyo yanayohitaji kuanza mapema kuliko mifupa. Vyuo vingi vya uuguzi havimruhusu mwanafunzi kuingia wodini bila uthibitisho wa chanjo, na mojawapo ni ya homa ya ini aina ya B. Utaratibu wa kawaida wa chanjo hiyo kwa mtu mzima ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, kisha damu hupimwa mwezi mmoja au miwili baadaye kuona kama kinga imejengeka. Hesabu hiyo haina njia ya mkato ya kulala usiku ukaamka umeimaliza. Barua yangu ya kukubaliwa ilikuja zikiwa zimebaki wiki 10 masomo yaanze, na orodha ya chanjo ilikuwa ukurasa wake wa tatu. Nilianza muhula nikiwa na dozi 2, na nikahamishiwa kundi la mwisho la mafunzo ya wodini, jambo lililonivurugia likizo niliyokuwa nimeiomba kazini kwa tarehe nyingine. Wiki zile 12 nilizokuwa nikikariri vifupa vya kifundo zingetosha dozi mbili za kwanza, na saa ya dozi ya tatu ingekuwa imeanza kuhesabu mapema.

Hali ni hiyohiyo kwa cheti cha huduma ya kwanza. Kozi ilituonyesha video ya kumfufua mtu aliyesimama moyo, ikataja kwamba kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30 kisha pumzi 2. Yote ni sahihi. Lakini chuo kilitaka cheti cha mafunzo yaliyofanyika ana kwa ana, na nilipopiga magoti mbele ya sanamu la mazoezi nilielewa kwa nini: sentimita 5 ni ndani sana kuliko mkono unavyodhani, na baada ya dakika 2 mabega yanaanza kudanganya.

Kuhusu saa za wodini pia walinyamaza, na hapa ninahisi kunyamaza kulikuwa na sababu ya kibiashara. Shahada ya uuguzi haisomwi yote mezani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mafunzo ya muuguzi hayapaswi kupungua saa 4,600, na angalau nusu yake ni ya vitendo kwa wagonjwa. Saa hizo haziwezi kurekodiwa, haziwezi kuahirishwa hadi watoto walale, na mara nyingi zinaangukia usiku au mwisho wa wiki. Mtu mwenye ajira anapaswa kukaa na mkuu wake wa kazi miezi kadhaa kabla, akiwa na ratiba mkononi. Mimi nilikwenda mwezi mmoja kabla, nikapata nilichoweza kupata, na mkuu wangu wa ghala akaniambia, tena kwa nia njema, kwamba ningemwambia mapema angenipangia zamu tofauti mwaka mzima.

Cheti cha mwisho wa kozi ni kizuri kwa macho. Hakuna aliyeniomba nikionyeshe, na fomu ya maombi ya chuo haikuwa na mahali pa kukiandika.

Nimeipa nyota 3 kati ya 5. Mbili ni za hesabu za dawa, na moja ninaigawa kati ya somo la tone la damu na zoezi la ratiba. Anayeogopa hesabu, au aliyekaa nje ya shule kwa muda mrefu kama mimi, sitamzuia kuinunua, ila aanze moja kwa moja na wiki ya 7, arudi wiki ya nne kwa ajili ya moyo, na wiki nyingine za anatomia azitazame akiwa anakunja nguo. Aliyesoma sayansi miaka michache iliyopita na anayejiamini kwa namba haihitaji. Atapata zaidi kwa kukiomba chuo anachokilenga orodha ya masharti ya kuingia wodini, na kuishi na ratiba yake kwa wiki 2.

Dozi ya tatu nimechomwa wiki iliyopita. Kampuni huwaachia wanafunzi wa zamani ruhusa ya kuingia kwenye masomo bila kikomo, jambo la kupongezwa, na jana usiku niliingia tena kujikumbusha dripu kabla ya muhula wa pili. Swali la 14 bado linasema matone 31.